Istilahi za Kuangalia Michakato: Ndiva ya Upareni na Kompyuta

Kazi ya kuipatia kompyuta maneno ya Kiswahili imekwenda mbele kwa upande mmoja na kubaki nyuma kwa upande mwingine. Upande uliokwenda mbele ni ule unaoonwa na kila mtu. Leo mwanafunzi wa sekondari husema faili, kipanya, tovuti, kivinjari na barua pepe bila ya kufikiri kwamba maneno hayo yaliwahi kujadiliwa na watu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi iliyozungumza Kiswahili kuanzia orodha zake hadi maonyo yake. Upande uliobaki nyuma ni ule wa zana anazotumia msimamizi wa mfumo: zana zisizo na picha wala vitufe, ambazo huitwa kwa kuandika amri katika mstari mmoja na ambazo hujibu kwa maandishi matupu. Makala hii yahusu kundi moja tu la zana hizo, yaani zile za kuangalia michakato inayoendelea ndani ya kompyuta, kama vile ps, top, htop, pstree, uptime na kill.

Mtu aweza kuuliza kwa nini tujisumbue na zana hizi, hali wale wanaozitumia wamesomea kazi yao kwa Kiingereza. Jibu letu ni kwamba wanaozisoma huzisoma kwa Kiingereza, lakini wanaoelekezana huelekezana kwa Kiswahili. Tuchukue mfano wa ofisi ya wilaya iliyo mbali na makao makuu, ambako anayeitunza kompyuta ni mtumishi mwenye kazi nyingine nne. Mashine inakwama. Anapiga simu kwa mtaalamu aliye Dar es Salaam, naye anaambiwa: "Angalia kama imesimama. Ikiwa imesimama, izime." Maneno hayo ni Kiswahili safi, lakini hayaeleweki hata kidogo. Ni nini kilichosimama: mashine, kazi moja, au michakato yote? Kusimama huko ni kwa kungoja zamu, au kwa kuamriwa kusimama? Na kuzima ni kuzima nini, na kwa njia ipi? Mtumishi huyo atabonyeza kitu. Kama nyuma yake kuna hifadhidata iliyokuwa ikiandika takwimu za zahanati, kosa hilo litalipwa na watu ambao hawajapata kuiona kompyuta hiyo.

Tatizo hapa si kwamba Kiswahili hakina maneno. Kiswahili kina maneno mengi mno ya kusimama, kulala, kukoma, kukata na kuzima, na hakuna aliyekaa akayagawia maneno hayo kazi zake. Kugawa huko ndiko tunakokusudia kuanza, na tumeona vema tuanzie katika milima ya Upare.

Kwa nini Upareni

Kanuni ya kuunda istilahi, kama ilivyozoeleka tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, ni kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Kiafrika, na mwisho kabisa katika lugha za kigeni. Ni kanuni njema, ingawa aghalabu tunairuka hatua ya pili kwa haraka ya kufika ya nne. Hata hivyo hatua hiyo imetupa maneno ambayo leo hayana mgeni: ikulu kutoka nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi, kung'atuka, lililoenea kwa kinywa cha Mwalimu Nyerere, na kitivo, ambalo huhusishwa na Kipare na Kisambaa, lenye maana ya ardhi ya bondeni yenye rutuba. Aliyelichukua neno la shamba akalipeleka chuo kikuu alifanya kazi nzuri. Hakutafuta neno lenye sauti ya kisomi, bali alitafuta mahali ambapo vitu hustawi.

Kipare, ambacho wenyewe hukiita Chasu, kina neno jingine ambalo twaona limekaa milimani muda mrefu mno bila ya kuitwa bondeni. Neno hilo ni ndiva.

Wasomaji waliopita barabara ya kwenda Moshi wanaujua mji wa Same: tambarare kavu, mkonge na miti ya miiba, na upande mmoja milima ya Upare imesimama kama ukuta, kilele cha Shengena kikifikia mita 2,462. Mvua hunyesha juu, na watu wengi hulima chini. Vijito vinavyoteremka ni vidogo. Kijito kidogo kikifunguliwa moja kwa moja kwenye mfereji mrefu, maji hunywewa na ardhi kabla hayajafika shamba la tatu. Kwa hiyo wenyeji walijenga ndiva, yaani bwawa dogo mlimani, katikati ya kijito na mashamba. Usiku kijito hujaza ndiva polepole. Asubuhi lango hufunguliwa, na maji yaliyokusanyika hutoka kwa nguvu ya kuyafikisha hadi shamba la mbali. Mashamba hupata maji kwa zamu, na zamu hizo husimamiwa na wazee au kamati. Ndiva za namna hiyo bado zinatumika katika bonde la Makanya, kuanzia Vudee juu hadi Bangalala chini yake, na wataalamu wa maji wamekuja kutoka mbali kuzichunguza.

Sasa tumtazame mhandisi wa kompyuta. Naye ana chanzo kinachotiririka polepole na mtumiaji anayetaka kwa wingi na kwa mara moja. Data huja kidogo kidogo kutoka kwenye mtandao, au kutoka kwa mtu anayechapa herufi. Diski haipendi kuandikiwa herufi mojamoja. Katikati yao huwekwa sehemu ya kumbukumbu inayokusanya mpaka kiasi kitoshe, ndipo huachiliwa chote pamoja. Kitu hicho baadhi ya watu wamekiita bafa, wengine hifadhi ya muda, wengine kumbukumbu ya kati. La kwanza ni sauti tu. La pili ni kosa, kwa sababu hifadhi za muda ziko nyingi ndani ya kompyuta na kila moja ina shughuli yake. Faili la muda ni hifadhi ya muda, lakini si kitu hiki. Ndiva ndilo neno lenyewe. Lina herufi tano, na hilo si jambo dogo katika zana ambayo safu zake ni nyembamba kama vidole. Tena linaeleza kusudi la kitu, si umbo lake tu: kukusanya kidogo kidogo ili kutoa kwa nguvu.

Jirani yake ni kitu kingine ambacho hushika nakala ya yale yaliyokwisha kusomwa, ili yakitakiwa tena yasifuatwe mbali. Hicho si ndiva. Hicho ni akiba. Amri ya free huonyesha vyote viwili katika safu moja, na wageni wengi hushtuka waonapo kwamba kumbukumbu "imejaa". Mpare hashtuki aonapo ndiva imejaa alfajiri. Kumbukumbu iliyoshikwa na akiba hurudishwa inapotakiwa, na nambari ya kutazama ni ile ya kumbukumbu inayopatikana, wala si ile ya kumbukumbu isiyoguswa.

Zamu, foleni na kupisha

Prosesa moja hufanya jambo moja kwa wakati mmoja. Kompyuta huonekana kana kwamba inafanya mambo mia kwa sababu kiini cha mfumo endeshi humpa kila mmoja zamu fupi sana, kisha humwondoa na kumwita mwingine. Kwa hiyo neno zamu halina mpinzani, na sehemu ya kiini inayogawa zamu tunapendekeza iitwe mgawazamu. Tangu 2007 hadi 2023 kiini cha Linux kilitumia mgawazamu ambaye jina lake, kwa kutafsiriwa, lilikuwa ni mwenye haki kamili. Wazee wa ndiva wangelicheka kidogo kwa jina hilo, maana wao wanajua ugumu wa haki kamili pale kijito kinapokauka.

Amri ya uptime hutoa nambari tatu, wastani wa dakika 1, dakika 5 na dakika 15 zilizopita. Wafasiri wengi wameziita wastani wa mzigo. Twaona neno mzigo lapotosha. Mzigo una uzito, na msomaji hutaka kujua ni kilo ngapi au asilimia ngapi. Kumbe nambari hizi huhesabu walio kwenye zamu pamoja na wanaongoja, na katika Linux huhesabu pia wale walio katika usingizi mzito, ambao tutawataja hapa chini. Ni hesabu ya vichwa. Basi ni wastani wa foleni. Mashine yenye viini vinne vya prosesa ikionyesha 4.00 imejaa kazi bila ya kuwa na msongamano mkubwa. Yenye kiini kimoja ikionyesha 4.00, kuna mmoja anayenywesha na watatu wanasubiri na majembe yao. Mwalimu akisema "foleni" mwanafunzi wa Same aliyewahi kusubiri maji haulizi tena.

Neno ambalo limetutaabisha zaidi ni lile la amri ya nice. Kila mchakato una nambari kati ya -20 na 19, na kwa kawaida huanza na 0. Karibu kila orodha ya istilahi tuliyoiona inaiita nambari hiyo kipaumbele. Hili lahitaji kukanushwa kwa nguvu, kwa sababu mwelekeo wake ni wa kinyume. Mchakato wenye 19 ndio unaopata zamu kwa uchache zaidi, na wenye -20 ndio unaotangulia. Anayesoma "kipaumbele 19" ataamini kwamba ameupa mchakato wake nafasi ya juu kabisa, kumbe ameupeleka mwisho wa foleni. Tumejaribu upole, uungwana na ustahimilivu. Yote ni maneno mazuri, lakini yote ni tabia za moyoni, na kompyuta haina moyo. Neno tunalolipendekeza ni kitenzi cha njiani na cha mferejini: kupisha. Kiwango cha kupisha kikiwa 19, mchakato huwapisha wote. Kikiwa -20, haupishi mtu. Mtumiaji wa kawaida aweza kuuzidishia mchakato wake kupisha, lakini kuupunguzia huhitaji ruhusa ya msimamizi mkuu, jambo ambalo ni sawa kabisa na desturi ya mfereji: kumpisha jirani ni hiari yako, kumtangulia kwahitaji idhini.

Jina la amri yenyewe halitafsiriwi. Nice hubaki nice, kill hubaki kill, kama vile jina la mtu lisivyotafsiriwa awapo safarini. Kinachotafsiriwa ni maelezo yake, ujumbe wake na vichwa vya safu zake.

Tahadhari ya mbiru

Hatupendi kuonekana kwamba twalichukua neno la watu kwa kuvutiwa na sauti yake. Milima hiyohiyo ya Upare ina habari inayompasa kila muundaji wa istilahi. Katika miaka ya 1940 utawala wa kikoloni pamoja na watawala wa wenyeji waliingiza kodi iliyokadiriwa kwa kupima mali ya kila mtu. Wakaipa jina mbiru, neno la kale la ushuru wa jadi. Watu wa Upare hawakukubali. Mnamo Januari 1945 maelfu yao waliteremka kutoka milimani hadi makao ya wilaya, Same, kupinga kodi hiyo; mwaka uliofuata wanawake nao wakaingia katika mapambano hayo. Profesa Isaria Kimambo aliieleza habari hii katika kitabu kilichotoka mwaka 1971.

Sababu za upinzani huo zilikuwa kodi yenyewe na namna ya kuikadiria, wala hatudai kwamba watu waliteremka mlimani kwa ajili ya istilahi. Lakini jina la zamani halikuisaidia kodi mpya. Neno la jadi likivishwa kitu ambacho hakifanani nalo, wenye neno ndio wa kwanza kuona. Kwa hiyo kabla ya kupendekeza ndiva tulijiuliza si kama neno linapendeza, bali kama kila sehemu ya ndiva ina mwenzake: kijito, mkusanyiko, lango, zamu, na ndiva kufurika pale kinachoingia kinapozidi kinachotoka. Hata kufurika kupo katika kompyuta, na ni miongoni mwa makosa ya usalama yajulikanayo sana. Sehemu zote zilipata wenzi. Kama moja tu ingelikosa, tungelirudi kwenye bafa.

Mchakato, kazi, na upatanisho wa kisarufi

Ama kuhusu jina la kitu chenyewe kinachoangaliwa, maneno mawili yanashindana: mchakato na kazi. Mchakato limetokana na kuchakata, kitenzi ambacho wakazi wa tambarare za Same hawahitaji kufundishwa, kwani mkonge wa Makanya huchakatwa: jani linaingia upande mmoja, nyuzi zinatoka upande wa pili. Programu ni maagizo yaliyoandikwa na kulala kwenye diski; mchakato ni maagizo hayo yanapotekelezwa. Programu moja yaweza kuwa na michakato kumi kwa wakati mmoja, kama vile mashine za muundo mmoja zikichakata mahali kumi.

Kazi ni neno fupi na jepesi, na ndiyo sababu wafasiri hulipenda. Ila wafasiri hao hulitumia pamoja na mchakato, leo hili na kesho lile, kwa kuepuka kurudia. Katika insha hiyo ni fadhila. Katika zana ya kompyuta ni hatari, na sababu yake imo ndani ya sarufi yetu. Twasema mchakato umelala, michakato imelala. Twasema kazi imelala, kazi zimelala. Angalia basi neno imelala peke yake: likihusu michakato ni wingi, likihusu kazi ni umoja. Imesimama, imekufa na inaendelea ni hivyohivyo. Mfasiri wa zana hizi mara nyingi hapewi sentensi nzima. Hupewa vipande katika faili la tafsiri, maneno ya Kiingereza juu na nafasi tupu chini yake, naye hujaza kipande bila ya kuona nomino yake iko wapi. Kiingereza hakijali, kwa kuwa neno lake la kulala halibadiliki kwa nomino yoyote. Kiswahili kinajali sana. Mtu akisoma "imesimama" kwenye kioo, hana njia ya kujua kama ni moja au ni zote.

Kwa hiyo rai yetu si ya kupendelea neno zuri zaidi. Ni kwamba ichaguliwe nomino moja, itumike mwanzo hadi mwisho wa zana, na viambishi vyote viifuate. Sisi twachagua mchakato. Kazi tumeliwekea shughuli nyingine: lile kundi la amri ambalo mtumiaji ameliagiza kutoka katika kikao chake mwenyewe, ambalo aweza kulipeleka nyuma na kulirudisha mbele. Pale, kazi ni kazi kweli, maana ina mwenyewe.

Kulala, kusimama, kufa

Safu ya hali katika ps na top hutumia herufi mojamoja. R ni mchakato unaoendelea au ulio tayari kwa zamu, S umelala, ukingoja jambo, D umelala usingizi mzito, kwa kawaida ukingoja diski, wala hauamshwi kwa ishara za kawaida, T umesimamishwa, Z umekufa. Herufi hizi zisiguswe. Kuna programu nyingine zinazozisoma, nazo hazijui Kiswahili. Kanuni twayoifuata ni kwamba kinachosomwa na mashine hubaki kilivyo, na kinachosomwa na mtu hutafsiriwa. Maelezo ya herufi yawe ya Kiswahili, herufi zenyewe zibaki.

Kulala kusichanganywe na kusimamishwa. Aliyelala ataamka mwenyewe jambo lake likifika. Aliyesimamishwa atabaki hapo mpaka aamriwe kuendelea. Yule mtumishi wetu wa simu aliyeambiwa "ikiwa imesimama, izime" pengine alikuwa mbele ya mchakato uliolala kwa amani, ukingoja kazi, kama ilivyo michakato mingi katika mashine yoyote yenye afya.

Amri ya kill ina jina baya kuliko tabia yake. Isipoongezewa neno, haiui. Hupeleka ishara ya 15, ambayo ni ombi: maliza ulilo nalo, funga mafaili yako, uondoke. Ishara ya 9 ndiyo inayoua. Mchakato hauisikii wala haupati nafasi ya kufunga chochote, kwa kuwa kiini huuondoa papo hapo. Katika Linux ishara ya 19 husimamisha, na ya 18 huendeleza. Tunapendekeza vitenzi vinne na visivukiane mipaka: kuhitimisha kwa 15, kuua kwa 9, kusimamisha kwa 19, kuendeleza kwa 18. Kuzima tukiachie mashine na taa. Kusitisha tusikitumie kabisa hapa, maana kusitisha mapigano ni kuyaweka kando kwa muda, na kusitisha mkataba ni kuuvunja. Neno lenye nyuso mbili halifai mahali pa hatari.

Wala hatari hii si ya kubuni. Takwimu za vituo vya afya nchini Tanzania hukusanywa katika DHIS2, mfumo huria ulioanzia Chuo Kikuu cha Oslo, ambao hutumia hifadhidata ya PostgreSQL. Wenye kutunza PostgreSQL wanaonya katika mwongozo wao kwamba seva yake isifungwe kwa ishara ya 9, isipokuwa pale njia nyingine zote zimeshindikana. Mwongozo wa Kiswahili utakaoandika "simamisha" kwa 15, kwa 9 na kwa 19 bila ya kutofautisha utakuwa umelifuta onyo hilo.

Jini na msukule

Ipo michakato isiyo na mwenyewe mbele ya kioo. Huanza mashine inapowashwa, hukaa nyuma, na hungoja kuombwa jambo: kupokea barua, kuchapa karatasi, kufungua mlango kwa mgeni wa mbali. Kwa Kiingereza iliitwa kwa jina la kiumbe kisichoonekana. Wahandisi wa MIT walilichagua katika miaka ya 1960 wakikumbuka kiumbe alichokibuni mwanafizikia James Clerk Maxwell, kinachokaa mlangoni kati ya vyumba viwili na kupanga chembe zipitazo. Tumeona tafsiri zenye jini, pepo, hata shetani. Mfasiri aliyeandika shetani hakuwaza kwamba maandishi yake yangesomwa katika ofisi ya umma, na mtu mcha Mungu aliyeajiriwa kutunza mashine, si kupunga pepo. Neno letu la siku nyingi lipo: mngojezi. Hungoja, hutumika, hana makuu. Majina ya wangojezi wengi huishia kwa herufi d, kama sshd na crond, na herufi hiyo ibaki.

Z ndiyo iliyowavuta wafasiri kwenye msukule, na kwa juu juu yafanana: ni mfu ambaye bado yumo miongoni mwa hai. Lakini msukule, kwa imani za watu, ni mfu anayefanyishwa kazi. Mchakato wa hali ya Z haufanyi kazi yoyote. Umekwisha kumaliza, kumbukumbu yake imerudishwa, haupewi zamu. Kilichobaki ni jina lake na nambari yake katika daftari, kwa sababu mzazi wake hajaja kupokea taarifa ya mwisho. Watumishi wa serikali wataukaribia zaidi wakikumbuka uhakiki wa watumishi hewa wa mwaka 2016, ila huyu hapokei mshahara. Anashika mstari tu katika orodha. Basi tuuite mchakato mfu, tuyaache mengine. Na ieleweke kwa nini hauuliki hata kwa ishara ya 9: aliyekwisha kufa hauawi. Anayepaswa kufuatwa ni mzazi.

Upande wa jamaa hauna taabu. Mchakato huzaa mchakato. Kuna mzazi na kuna mtoto. Mzazi akifa kwanza, mtoto huwa yatima, naye hupata mlezi, ambaye kwa kawaida ni mchakato wa nambari 1. Amri ya pstree huonyesha ukoo wote kwa matawi. Kiswahili hapa kimeikuta nyumba imekwisha kujengwa.

Utunzaji wa zana

Zana hizi hazitoki kwenye kiwanda kimoja. Unix ilianza Bell Labs mwaka 1969 kwa mikono ya Ken Thompson na Dennis Ritchie, na ps ilifuata katika miaka ya mwanzo ya mfumo huo. Top iliandikwa na William LeFebvre mwaka 1984. Htop ilianzishwa na Hisham Muhammad wa Brazili mwaka 2004. Zana za Linux za aina hii zilikusanywa katika fungu liitwalo procps. Utunzaji wake ulipozorota, watu wa Debian, Fedora na openSUSE, ambao kwa mambo mengine ni washindani, walishirikiana kulitunza kwa jina la procps-ng. Mwaka 2020 htop nayo ilipitia hali kama hiyo: mwanzilishi wake hakuwa na wakati tena, kundi la watu wa kujitolea likaichukua, na toleo la 3.0 likatoka mwaka huohuo.

Jambo hilo nalo lina jina Upareni. Ndiva hujaa tope. Isipozolewa, kila mwaka hushika maji machache zaidi, na siku moja ni uwanja. Wanaopata maji huitwa kuizoa, na asiyefika hutozwa faini. Kazi ya namna hiyo huitwa msaragambo, neno ambalo limekwisha kuingia katika Kiswahili cha Tanzania bila ya kuitiwa mkutano. Kwa muda mrefu tumeeleza utunzaji wa programu huria kwa maneno marefu, kama vile maendelezo shirikishi ya kijumuiya, ambayo hayana jasho ndani yake. Msaragambo lina jasho. Tofauti ipo, nayo yafaa isemwe: kwenye programu huria asiyefika hatozwi kitu, na pengine ndiyo sababu zana nyingi zinazotumiwa na mamilioni hutunzwa na watu wawili au watatu.

Tafsiri ni sehemu ya msaragambo huo. Mifumo ya Linux inatambua Kiswahili cha Tanzania kwa alama sw_TZ na cha Kenya kwa sw_KE, kwa hiyo mlango uko wazi; faili la tafsiri laweza kujazwa na mwalimu yeyote mwenye subira, likapelekwa kwa watunzaji. Lakini toleo jipya likitoka na ujumbe mpya, tafsiri nayo hushika tope. Ujumbe usiotafsiriwa hutokea kwa Kiingereza katikati ya Kiswahili, na ule uliobadilika maana huachwa kando mpaka mtu auhakiki. Tungependa kuona orodha moja ya maneno ikitumiwa na wafasiri wa pande zote mbili za mpaka, hata kama wengine wataendelea kusema tarakilishi na wengine kompyuta. Kutofautiana katika jina la mashine hakumdhuru mtu, lakini kutofautiana katika maana ya kusimamisha kwaweza kumdhuru.

Limebaki neno moja ambalo hatujalikata. Ndani ya mchakato mmoja mwaweza kuwamo njia kadhaa za utekelezaji zinazokwenda sambamba na kutumia kumbukumbu ileile, na top ikibonyezwa H huzionyesha mojamoja. Wengi huiita uzi, nasi twaliona neno hilo linakaa vizuri, kwani kinachotoka katika kuchakata mkonge ni nyuzi. Kikwazo ni kwamba uzi umelala na mchakato umelala hushirikiana kiambishi katika umoja, ingawa huachana katika wingi: nyuzi zimelala, michakato imelala. Wapo wanaopendekeza utembo, kwa kufuata nyuzi za mgomba. Wenye hoja kwa upande wowote, hasa walimu wanaofundisha somo hili madarasani, tunaomba watuandikie kabla ya orodha kupelekwa kwenye kikao cha usanifishaji.